Makala ya Redio ya Vuhimba

18 Novemba 2024

Mvua ya kwanza ya maana. Njia iliyo mbele ya depo yetu ya vyakula hapa Kenya, mtaa wa soko wa Lubumbashi, imegeuka uji, na wateja wanarukaruka juu ya matofali huku wameshika viatu mkononi. Mume wangu Mumbere ameketi juu ya magunia ya maharage, anapiga simu Butembo kuuliza lori liko wapi. Tangu vita vilipokaribia kwao, Kivu ya Kaskazini, lori likichelewa hatujui kama tulaumu matope au bunduki.

Mimi nina vita vyangu vidogo. Kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ninayoiandikia kwa Kiswahili bila kulipwa hata maji ya kunywa, mtu amebandika alama juu ya makala yangu: inapendekezwa ifutwe. Makala ni ya redio ndogo ya Vuhimba, mji wa akina Mumbere, na mkurugenzi wake ni mdogo wake Mumbere, shemeji yangu Anaclet. Sababu iliyotolewa: haina chanzo hata kimoja, na umuhimu wake haujaonyeshwa. Aliyebandika anaitwa Chola. Simjui na tayari simpendi.

19 Novemba

Nimemjibu huyo Chola kwa hasira, maneno mengi mno. Nimemuuliza: redio inayowaambia wakulima kila asubuhi njia gani ni salama leo ya kwenda shambani, hiyo haina umuhimu, lakini kila mchezaji wa mpira wa Ulaya ana makala yake? Amejibu kwa mstari mmoja. Umuhimu unathibitishwa na wengine, si na sisi wenyewe.

Mtu baridi kama sakafu.

23 Novemba

Kumbe Chola anakaa mtaa wa Makomeno, mji huu huu. Nilidhani ni bwana wa Dar es Salaam mwenye kiyoyozi. Ni mwalimu wa historia wa sekondari, na pia ni mkabidhi wa kamusi yetu, yaani mmoja wa wale wachache waliopewa ufunguo wa kufuta. Nilipomwandikia kwamba nami niko Lubumbashi alinikaribisha chai, na mimi nikaenda kugombana.

Ni mzee mwembamba, sweta hadi shingoni. Alinimiminia chai yeye mwenyewe, kwa sababu ni mjane. Nilimweleza habari za Anaclet, studio iliyobandikwa trei za mayai ukutani, na betri inayochajiwa kwa jua. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema hivi, akiniita kwa jina langu mwenyewe, nami nayaandika kama yalivyotoka:

“Mama Joëlle, kitu ya kweli ni ile muntu mwingine anaweza kuhakikisha. Kama ni weye peke unaijua, ile iko siri, haiko elimu.”

Akapendekeza tuiunganishe na makala ya mji wa Vuhimba, redio ipate sentensi moja humo. Nikamwambia, ba Chola, kuunganisha ni kumzika mtu katika kaburi la jirani. Akacheka kidogo. Mimi sikucheka, na chai yake sikuimaliza.

2 Desemba

Anaclet ametuma picha. Yeye na mtangazaji wake, Dorcelle, mbele ya kipaza sauti, Anaclet anacheka mpaka macho yamefumba. Nimeiweka kwenye makala na chini yake majina kamili: kushoto nani, kulia nani. Dorcelle ni mpwa wa Kyakimwa, mtoto wa dada yake; Kyakimwa ndiye jirani yetu anayeuza vitunguu vya jumla mlango wa pili kutoka kwetu. Sisi Wakatanga, wenyeji wa hapa, tunasema Wanande, watu wa kabila la Mumbere na Kyakimwa, wamejaa kwenye biashara yote ya soko hili, na baba yangu, mtu wa Kilwa ya Katanga, alinitania hivyo hivyo siku niliyomletea Mumbere nyumbani. Kyakimwa amemwonyesha kila mteja wake ile picha leo. Hata asiyenunua kitu alilazimishwa kuiangalia.

9 Desemba

Mvua. Hakuna umeme tangu juzi. Simu imezimika.

14 Desemba

Kama Chola anataka chanzo, atapata chanzo. Nimempigia Rodrigue, tuliyesoma naye, ambaye sasa anaandika katika gazeti la mtandaoni Kinshasa. Amesema atamhoji Anaclet kwa simu. Anaclet amefurahi kupita kiasi, ameuliza avae shati gani. Nikamwambia ni simu, shemeji, hawatakuona.

6 Januari 2025

Habari imetoka! “Redio inayokataa kunyamaza.” Gazeti jingine limeichukua, kisha shirika moja la nje likaandika juu yao. Picha ni ile ile yangu, na majina chini yake.

Jioni Chola amefunga mjadala: makala inabaki. Ameniandikia pembeni, “Hongera, sasa inasimama kwa miguu yake.” Nilicheza katikati ya magunia. Mumbere alimpigia mdogo wake, wakacheka kwa Kinande chao ambacho baada ya miaka yote hii bado nakishika nusu. Kyakimwa ameniletea vitunguu kapu zima.

28 Januari

Goma imeanguka mikononi mwa waasi. Mumbere hali chakula.

30 Januari

Depo imekuwa kituo cha habari. Watu wa Kivu wanakuja, hawanunui kitu, wanasimama kati ya maharage na mafuta ya mawese wakisikilizishana sauti za simu. Kila mmoja ana mtu kule. Wenyeji wa hapa wanapita, wanasema pole, wanauliza kama bei itapanda. Siwalaumu, mimi mwenyewe ningeuliza hivyo kama nisingeolewa huko.

11 Februari

Vuhimba imechukuliwa. Redio ilisema asubuhi watu wakae majumbani, halafu ukapigwa wimbo, halafu wimbo ukakatika. Simu ya Anaclet haipatikani.

13 Februari

Haipatikani.

17 Februari

Bukavu nayo imekwenda. Haipatikani.

20 Februari

Amepiga. Yu hai.

Ilikuwa namba nisiyoijua, saa za mchana, mvua ikipiga bati hata nikaingia chini ya meza ili nisikie. Mumbere alikuwa kwenye bohari, kwa hiyo nilipokea mimi. Hakunisalimia vizuri kama kawaida yake. Alisema amejificha, hatasema wapi, na mimi nisimuulize. Dorcelle alipita njia nyingine. Kisha akasema kile alichonipigia, habari ya vizuizi vya njiani:

“Shemeji, ile photo yangu na Dorcelle. Biko nayo mu telefone, na majina chini. Banaionyesha bantu ku kila barieri: munamujua uyu? Itosheko, shemeji. Tosha yote.”

Nikasema ndiyo, nitaitoa. Nikasema samahani, akasema hapana, si weye, halafu ikakatika.

Niliifuta picha papo hapo, bado niko chini ya meza. Kabla sijarudi kwenye kiti mtu wa mbali asiyenijua aliirudisha: “Usiondoe picha bila kutoa sababu.” Nikaifuta tena. Ikarudishwa tena, safari hii kwa onyo. Na sababu siwezi kuitoa. Mjadala wetu unasomwa na kila mwenye simu duniani. Nikiandika kwamba mtu huyu anatafutwa na amejificha, nitakuwa nimewathibitishia wanaomtafuta kwamba bado yu hai na bado yu karibu.

Mumbere aliporudi nilimwambia yote. Alifurahi kwanza, akainua mikono. Halafu akaielewa sehemu ya pili, akaketi.

22 Februari

Nimependekeza makala yangu ifutwe. Nimeandika kwa mkono huu huu: redio hii ilikuwa ndogo, haikusikika mbali, haina umuhimu wowote, mkurugenzi wake si mtu anayejulikana. Nikabonyeza.

Wamenicheka. Kijana wa Nairobi amenakili maneno yangu ya Novemba, yote, yale ya wakulima na mashamba, akauliza kama akaunti yangu imeibwa. Mwingine ameorodhesha vyanzo vitatu, ile habari ya Rodrigue ikiwa ya kwanza, akasema hakuna redio ya kijijini yenye ushahidi bora kuliko hii. Mwingine ameandika: “Historia haifutwi kwa uoga.” Ibaki. Ibaki. Ibaki. Ni watu wema, hicho ndicho kinachoniua. Wanaitetea redio ya Anaclet kwa hoja nilizowafundisha mimi.

23 Februari

Nimekwenda Makomeno kwa pikipiki, mvua usoni njia nzima. Chola alinipa taulo kabla ya chai. Nilimwambia kwa mdomo, kwa sauti ndogo, ingawa nyumba yake haina mtu mwingine. Alivua miwani akaiweka mezani, akakaa akiitazama.

Alisema akifuta kinyume cha wengi, wataifufua kesho na watu wataulizana kwa nini, na makelele hayo ni hatari kuliko makala. Ila kuna njia ya kimya. Aiunganishe na makala ya mji, ibaki sentensi moja kwamba Vuhimba iliwahi kuwa na redio, bila jina la mtu. Picha na matoleo yote ya zamani atayafunika kwa ufunguo wake, yasionekane na msomaji wa kawaida. Wakabidhi wenzake wakigundua kwamba amefanya hivyo bila idhini, watamnyang'anya ufunguo, na kazi hii ndiyo inayomweka macho jioni tangu mkewe alipofariki.

Nikamuuliza kwa uchungu kama hatanidai chanzo.

“Chanzo ni weye,” akasema.

Akaifanya mbele yangu, polepole, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimemwita mtu huyu sakafu. Chai niliimaliza.

25 Februari

Nimetafuta jina la Anaclet ili kuona kama limetoweka. Kwetu limetoweka. Lakini kuna tovuti zinazonakili kamusi yetu zenyewe, bila mtu, na picha iko humo, majina chini yake. Iko kwenye gazeti la Rodrigue pia. Rodrigue ameitoa baada ya mimi kumsihi. Zile tovuti nyingine nimeziandikia kwa Kifaransa na kwa Kiingereza changu cha kuchechemea. Hakuna anayejibu. Sijui hata kama nyuma yake kuna mtu.

1 Machi

Leo nimemwambia Mumbere wazo ambalo limekuwa likinitafuna. Mtu aliyekufa hatafutwi. Tukitangaza hapa kwamba Anaclet aliuawa, tukaweka kilio, habari itafika Butembo, itafika Vuhimba, na wale wa vizuizini watapumzika. Picha haiwezi kufutwa tena, basi tuwaambie mwenye picha hayupo.

Sijawahi kumwona hivyo. Katika nyumba yao mtu akifa, hakuna anayelia, hata mama mzazi, mpaka mkubwa wa nyumba asimame aseme kwa kinywa chake kwamba fulani ametutoka. Baba yao hayupo, mkubwa ni Mumbere. Alisukuma sahani ya bukari, ugali wetu, akaniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida.

“Mama Yannick, kinywa yangu ikisema, inakuwa. Hatulilie muntu muzima. Ile ni kumufungulia kaburi na kumuambia ingia.”

Nikasema ni maneno tu. Nilikosea kusema hivyo. Alitoka akaenda kusimama mvuani kwenye uwanja, mtu mzima, bila kofia.

2 Machi

Hatusemezani.

5 Machi

Hatusemezani. Magunia ya chini yameoza kwa unyevu. Tumeyatoa pamoja.

10 Machi

Ujumbe kutoka namba ngeni, neno moja: “Nipo.” Mumbere alinionyesha simu, akanishika bega. Tumeanza kusemezana.

12 Machi

Dorcelle.

Walimsimamisha kwenye kizuizi akiwa katikati ya wanawake wenye mizigo, wakamtoa kwenye mstari. Kulikuwa na mwanamke nyuma yake kwenye mstari, naye ndiye aliyefika Butembo na kusimulia. Kyakimwa alipopata simu hiyo alikuja kwetu kwanza, kabla hajawaambia hata watoto wake, bado ameshika mizani ya vitunguu.

“Mama Yannick, mutoto wetu banamuua. Banalinganisha sura yake na photo ya telefone, kisha banamutosha ku mulongo.” Halafu akanishika mikono yote miwili. “Aksanti kwa ile ulimufanyia. Alikufa bantu bakimujua.”

Hajui. Anajua ni picha, hajui picha ilifikaje mikononi mwao, anafikiri ni gazeti, anafikiri ni bahati mbaya ya dunia. Nilipaswa kumwambia. Nilifungua mdomo, nikalia badala yake, akanibembeleza, yeye mfiwa, akanibembeleza mimi. Najichukia kwa namna ambayo sijui niiandike vipi. Mtoto yule alikuwa na miaka ya kuolewa, na mimi niliandika kushoto nani, kulia nani.

15 Machi

Kilio kiliwekwa uani kwa Kyakimwa, chini ya turubai, matope yametandazwa vumbi la mbao. Watu wa Kivu wote wa mjini walikuja, na majirani wengi wa hapa. Wanawake chini kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki. Chola alikuja. Nilikuwa nimempigia tu kumwambia, sikumwomba aje, lakini nilimwona anaingia na mwavuli, akakaa nyuma kabisa.

Hapa kwetu marehemu lazima aonekane. Mwili ukikosekana, picha ndiyo inayokaa mbele na kupokea machozi. Dada yake Kyakimwa, mama wa Dorcelle, alikimbia bila kitu, hana hata picha ya ubatizo. Vijana wa mutuelle, chama cha kusaidiana misibani, walisema wasijali, wataitafuta. Sikuwaza. Naapa sikuwaza mpaka walipoifungua banderole, bango la kitambaa, na kuifunga kati ya nguzo mbili.

Ilikuwa ile ile. Kubwa kuliko mlango. Waliipata kwenye moja ya zile tovuti, wakaipeleka kuchapishwa nzima, kwa sababu Kyakimwa alipenda jinsi mtoto alivyomgeukia mkuu wake akitabasamu. Dorcelle kulia. Anaclet kushoto, anacheka mpaka macho yamefumba. Na majina yote mawili chini, kwa herufi nyeusi.

Simu zilikuwa juu tayari. Kila mtu anarekodi kilio siku hizi, kwa ajili ya ndugu walio mbali, na ndugu walio mbali wako Butembo na Beni na hata ndani ya Vuhimba kwenyewe. Nilitaka kuinuka niing'oe. Halafu akili ikaniambia kwamba tayari imeshatumwa.

Pasta Anselme ni mtu mwema, mgeni katika ukoo, hajui nani ni ndugu wa nani. Alisoma, akaomba, kisha akaitazama banderole akauliza kwa upole:

“Na uyu ndugu iko pembeni yake, tumuombee sawa muntu muzima ao sawa marehemu?”

Wale wanaotujua walimtazama Mumbere. Mimi nilitazama simu, zote zile, zimeinuliwa. Nilijua kwamba akisema mzima, kesho mtu wa kizuizini atasikia kwa masikio yake. Akinyamaza, kunyamaza nako ni jibu. Sikumfanyia ishara yoyote. Niliogopa hata kupumua kwa namna ambayo angeiona kama kumsukuma.

Alisimama. Alivua viatu kwanza, akavipanga chini ya kiti. Alikwenda mpaka mbele, akaigeukia picha si watu, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuitia wachukuzi depo:

“Uyu ni Anaclet, ndugu yangu. Njo mimi mukubwa wa nyumba. Banamuua siku moja na uyu mutoto. Anatutoka.”

Kisha akaketi chini, kwenye matope na vumbi la mbao, miguu imenyooshwa, anavyoketi mfiwa. Na wanawake wakapasuka. Kilio hicho kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, maana Anaclet walikuwa wakimjua. Kyakimwa aliinuka kutoka kwenye mkeka wake wa msiba akaja kumkumbatia Mumbere, akimlilia mdogo wake juu ya msiba wake mwenyewe.

Nililia nami. Sikuigiza. Nilimlilia Dorcelle, nikamlilia mume wangu, na ndiyo, nikamlilia shemeji yangu aliye hai, kwa sababu uso wa Mumbere ulikuwa wa mtu anayeamini. Watu walipopanga mstari wa kutoa pole, Chola alifika naye. Yeye ndiye peke yake pale, zaidi yetu wawili, aliyejua. Alimshika Mumbere mkono muda mrefu, miwani imejaa ukungu.

16 Machi

Video imefika kila mahali. Nyumba yetu imejaa watu wa pole tangu asubuhi, mikeka mpaka mlangoni. Mumbere hajala. Kila simu inapolia anaangalia namba, haijaonekana ngeni hata moja.

Adhuhuri ilikuwa mama yake, kutoka Butembo. Mama mkwe wangu anauza ndizi sokoni, anasema na kila mtu, hajawahi kuificha siri hata ya ujauzito. Mumbere alinitazama. Sebule nzima ilinyamaza ili kumsikiliza, watu wasio na ubaya, wengine simu mikononi.

Mama hakulia. Alikuwa akingoja, kama desturi yao inavyomtaka. Sauti yake ilitoka kwenye simu kavu na wazi, sote tukaisikia:

“Mumbere, banasema ni kinywa yako njo ilisema. Njo vile?”

“Njo vile, mama,” akathibitisha.

Hapo ndipo alipoanza kulia. Mumbere hakuikata simu. Aliishika sikioni, mgongo wima, mpaka mama yake alipochoka.